Vifaranga Kumi na Tisa

Simu inauliza: unavuta ngapi kwa siku?
Nakusomea, Dani, maana miwani yako
ilisombwa na mafuriko pamoja na kiti.
Unasema: andika nne.
Naandika nane. Tunatazamana.
Haya basi, nane.

Simu inauliza kwa nini unavuta.
Inatoa majibu matano ya kuchagua
na lako halimo.

Lako ni hili: mwaka ulioolewa hapa Ahero
ulimkuta Rusalia ndani, mke wa kwanza,
ukadhani atakutilia sumu.
Usiku alikuita nyuma ya ghala,
akawasha moja, akaigeuza,
akaiingiza kinywani kwa upande wa moto.
Hivi, alisema, mume haoni cheche,
upepo haukumalizii,
na ukiulizwa neno unanyamaza kwa sababu.
Mkapokezana. Jivu mkalitema mpungani.
Miaka arobaini ya ukewenza
mliipitisha kwa zamu, mdomo hadi mdomo.

Sasa niweke alama wapi?
Msongo wa mawazo? Marafiki? Mazoea?
Unasema: weka Rusalia.
Simu haikubali Rusalia.

Kila jioni, kuku wakiingia,
inatetemeka mezani kama kitu chenye homa:
Hamu ikija, ngoja dakika tano. Kunywa maji. Pumua.
Huyu mtoto anayeandika, unasema,
ana adabu, ila hajafiwa.
Maji unakunywa hata hivyo.
Unangoja. Unaniuliza, tano zimetimia?
Nakwambia mbili.
Unamtukana aliyetengeneza saa, na ukoo wake.

Siku ya saba ikaleta nyota.
Ulitaka kujua nyota inanunua nini.
Siku ya kumi na mbili bando liliisha
nikauza mayai sita ili uendelee kuambiwa upumue.
Siku ya kumi na nne ulimrudishia Okal kiberiti chake
pale dukani, mbele ya watu,
kama baba anayerudisha mahari.

Siku ya kumi na tisa
Rusalia alitimiza mwaka kaburini.
Sikuona moshi. Niliona mashavu tu,
yamebonyea, yanang'aa kwa ndani
kama pazia jembamba lenye taa nyuma yake.
Nikaendelea kuchambua mchele.
Asubuhi ukasema mwenyewe: iambie.
Nikaiambia.
Ikajibu: Kuteleza si kuanguka. Leo ni siku ya kwanza.

Ya kwanza?
Uliishika simu mbali na uso,
kama mtu aliyeletewa chenji pungufu.
Nikiwa na vifaranga kumi na tisa,
mwewe akanyakua mmoja,
niende sokoni niseme sina kuku?

Simu haina pa kujibu hayo.
Ukaokota mkaa,
ukauendea ukuta wa jikoni,
ukachora mistari kumi na minane,
mkono ukitetemeka, mistari ikilala kama mpunga uliopigwa na mvua.

Tangu hapo tuna hesabu mbili nyumbani humu.
Leo ya simu inasema tisa.
Ya ukuta inasema ishirini na saba.
Sijawahi kuzipatanisha.
Jioni bado unaigeukia ile ya simu, unangoja itetemeke,
na isipotetemeka mapema unaniuliza kama mtoto yule ni mgonjwa.

Daktari alikumulika kinywani kwa tochi,
akasema kidonda cha kaakaa kimeanza kuziba.
Ya kaakaa mimi siyajui.
Najua kwamba jana nilipika omena
vilevile nilivyopika miaka yote,
chumvi ileile uliyokuwa ukiilalamikia
kwamba haipo, kwamba mimi ni mchoyo, kwamba nimemrithi mama yangu.
Ukatia tonge kinywani.
Ukasita. Ukakunja uso.
Ukaisukuma sahani hadi ukingoni mwa meza:

Wewe msichana,
leo umemwaga kopo zima?